Herode wa Isansa

Sisi tuliokulia Isansa enzi zile za redio ya betri nne hatukuhitaji kalenda ili kujua Krismasi imekaribia. Pua ilitosha. Mvua zikishakolea, udongo ukaanza kutoa ule mnukio wake mtamu, kumbikumbi wakaruka jioni na kujaa kwenye mabeseni, masuku yakaiva porini mpaka yanakudondokea kichwani, basi tulijua Mtoto yuko njiani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, magugu nayo yamefika magotini, na baba yangu alikuwa na usemi wake: jembe halina Krismasi. Tulipalilia huku tunaimba nyimbo za malaika, tope limepanda mpaka mapajani, na ukimwona mwenzako anaruka ruka katikati ya wimbo ujue si Roho, ni siafu.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Tunduma. Ni ya ghorofa, na ukitokea upande wa mpakani unaiona kabla hujauliza. Niseme mapema ili tuheshimiane: mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma zaidi kwa kuchungulia dirishani. Leo vijana wenye digrii wananiletea bahasha za kuomba kazi. Nilianza kwa kubeba magunia ya mahindi mgongoni, nikapanda kwenye baiskeli, nikapanda kwenye utingo, sasa malori ni yangu, na Wazambia wa pale Nakonde wakiniona wanaambiana "mudala kaja," yaani mzee mkubwa, na kunipisha. Kijana wa siku hizi anataka gari wakati hata kuziba pancha ya baiskeli hajui. Ukimwambia aanze na toroli anakwambia mzee hiyo haina fursa.

Lakini cheo changu cha kwanza duniani, kabla ya malori na kabla ya ghorofa, kilikuwa cha ufalme. Nilikuwa Herode.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka maigizo ya Krismasi. Kila kanisa lilikuwa na lake. Maria alikuwa msichana mpole, Yusufu alikuwa mvulana yeyote asiyecheka ovyo, na mamajusi walikuwa wale watoto ambao mama zao walikuwa na vitenge vizuri vya kuazima. Kanisani kwetu, kanisa la matofali ya kuchoma lenye bati lililokuwa likipiga kelele kama ngoma mvua ikinyesha, watu hawakuja kumwona Maria. Walikuja kumwona Herode. Kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine kokote, na mimi nimetembea, nimefika mpaka Lusaka. Herode akishasema "Watafuteni," askari wake walikuwa wanateremka na panga zao za mianzi na kuingia katikati ya watu, benchi kwa benchi, kutafuta watoto wachanga. Hapo ndipo kanisa lilipokuwa linapinduka. Akina mama waliwafunika watoto kwa vitenge, wakawasukuma chini ya benchi, wakawakabidhi bibi zao, na bibi zao wakawachapa askari kwa kanga. Watoto wanalia, watu wazima wanacheka mpaka wanashika mbavu, wapiga tarumbeta wanashindwa kupuliza. Mwisho Herode mwenyewe alikuwa anateremka kukagua benchi la mwisho, anakosa, anarudi kwenye kiti chake, anajikuna kwa kuliwa na funza, anaanguka, anakufa. Kanisa zima linapiga vigelegele. Nani hataki kufa hivyo?

Mwalimu Tabita, aliyekuwa akitufundisha shule ya Jumapili, alinichagua mimi kwa sababu ya sauti. Aliwaambia wazazi wangu kwamba huyu Simoni wenu akiita mbuzi ng'ambo ya bonde, mbuzi wa watu wengine nao wanakuja. Baba alifurahi ingawa alijifanya hajali. Alichukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akalikata meno ya taji kwa mkasi wa bati, akanipima kichwani. Nilikuwa na nywele nyingi wakati huo, siku hizi msiniulize zilikwenda wapi. Taji likakaa sawasawa. Ndevu zilikuwa manyoya ya mbuzi, za kubandikwa kwa uji mzito wa sembe. Joho lilikuwa pazia la Mwalimu Tabita. Nilitembea kijijini nikiwa nimenyanyua kidevu, na rafiki yangu Oska, aliyekuwa mkubwa wa askari wangu, alitembea nyuma yangu kama inavyotakiwa. Mpaka leo nikiingia ofisini kwangu, hatua ni zile zile.

Tulikuwa na mdogo wetu wa mwisho, Rehema. Alikuwa ananyonya bado, meno mawili ya chini, na alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Mwaka huo mama alikuwa amejiandaa kumficha kweli kweli. Kila nilipofanya mazoezi uani, nikinguruma, alimfunika Rehema kwa kitenge na kuniambia, "Hapa hakuna mtu, mfalme, hapa kuna viazi tu." Rehema alikuwa anacheka humo ndani ya kitenge, viazi vinacheka.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi homa ikamshika. Asubuhi alikuwa wa moto, mchana akawa hanyonyi. Baba akampakia mama kwenye baiskeli, Rehema mgongoni, wakaelekea hospitali ya Mbozi Mission. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kijito kilichoko njiani, ambacho sisi watoto tulikuwa tunakivuka kwa kuruka, kilikuwa kimekula daraja la miti. Wakakaa ukingoni kusubiri maji yapungue. Maji hayakupungua. Rehema akafia mgongoni kwa mama yake.

Kwetu mama hapigi yowe barabarani. Yowe linapigwa nyumbani. Kwa hiyo mama alirudi njia ile yote kwa miguu, amembeba vile vile, na waliokutana naye walimsalimia naye akaitikia. Alipoingia uani ndipo alipokaa chini.

Sitayakalia sana ya msiba, mnayajua. Majembe yalilala, hakuna aliyekwenda shambani mpaka tulipozika. Wanawake walijaa na kuni na unga. Tulinyolewa sote, mama, baba na sisi watoto, vipara vinang'aa. Kilichotutisha ni baada ya mazishi. Mama alikaa kwenye mkeka kona ya chumba na hakunyanyuka. Alinywa maji, basi. Uji uliletwa ukapoa, ukaondolewa, ukaletwa mwingine. Hakulia tena na hakusema neno. Nilimsikia baba anamwambia shangazi nyuma ya nyumba kwamba anaona anaelekea kuzika wawili. Baba yangu alikuwa mtu wa kubeba gunia la kahawa kwa mkono mmoja, na siku hiyo sauti yake ilikuwa nyembamba.

Katikati ya hali hiyo akaja Mzee Yona, mzee wa kanisa, pamoja na Mwalimu Tabita. Walikaa sebuleni na baba, mlango wa chumba cha mama uko wazi. Mzee Yona alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioleta shida. Walikuwa wameketi wazee wote, wakaona haifai askari wapite benchi kwa benchi wakitafuta watoto wakati Mama Simoni amefiwa. Wameamua mwaka huu Herode asiwepo. Watoto wataimba, malaika watatokea, wachungaji watakuja na kondoo, inatosha. Na Simoni naye hajasahaulika, atakuwa mchungaji.

Nisiwadanganye. Nilikuwa mtoto, na nilihisi nimefiwa mara ya pili. Kutoka mfalme mpaka mchunga kondoo, tena kondoo wenyewe ni akina Oska wametambaa kwa magoti. Nilifungua mdomo nilalamike, lakini aliyesema si mimi. Sauti ilitoka chumbani, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Mzee Yona, huko kwenye Biblia nako mmemtoa?"

Mzee Yona akasimama, akasogea mlangoni, akainamisha kichwa. "Mama Simoni, tunakuhurumia wewe, mama. Hatutaki uumie siku ya furaha."

"Najua, baba. Mungu awabariki." Akapumua kidogo. "Lakini wale wanawake wa Bethlehemu, waliochukuliwa watoto wao, wamo kwa sababu Herode yumo. Mkimtoa yeye, na wao wametoka. Hapo nitakuwa nimefiwa peke yangu."

Mzee Yona alikuwa anajua Biblia kuliko kijiji chote. Alikaa tena, akakamata kofia yake kwa mikono miwili.

Mama akaongeza, kama anaagiza chumvi dukani, "Simoni atakuwa Herode. Na mimi nitakuja."

Hapo shangazi akaruka. Shangazi alikuwa mlinzi wa mila, na mila inasema aliyefiwa haendi kwenye vigelegele kabla matanga hayajaanuliwa. Atapita wapi na kichwa kile? Watu watasema nini? Alizungumza mpaka jasho likamtoka. Baba alimsikiliza kwa heshima, dada yake mkubwa yule, kisha akasema, "Dada, kama Herode ndiye atakayemtoa kwenye mkeka ule, mwache Herode aje."

Asubuhi ya Krismasi anga ilikuwa safi, matope yanateleza kama sabuni. Tulikwenda kanisani tumevaa nguo zetu mpya, zile za kununuliwa kubwa ili tuzikulie, suruali imekunjwa mara tatu na viatu vina karatasi mbele. Mama alivaa kitenge chake cha kawaida na kitambaa kichwani. Mkononi alishika kile kitenge kingine cha kumbebea Rehema, kimekunjwa vizuri. Alipoingia, watu walisogea wakampa nafasi kwenye benchi la mbele la wanawake, katikati ya Mama Oska na wengine waliokuwa na watoto mapajani. Walimpa mkono kimya kimya. Hakuna aliyejua amwangalie vipi.

Nami nikajiandaa nyuma ya pazia, na hapo nikagundua jambo ambalo mimi, baba na Mwalimu Tabita wote tulikuwa hatujalifikiria. Taji lilipimwa likiwa na nywele. Sasa nilikuwa kipara. Nililivaa likashuka moja kwa moja, likapita masikio, likatua puani. Mwalimu Tabita alijaribu kulijaza karatasi za nyimbo, lakini tarumbeta zikawa zimeshalia na zamu yangu imefika. Nikatoka hivyo hivyo. Mfalme mkuu wa Uyahudi, haoni kitu.

Kanisa likajaribu kuheshimu msiba, likashindwa. Kicheko kilianzia kwa vijana nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mahindi. Nilinguruma, na kadiri nilivyonguruma ndivyo taji lilivyozidi kushuka. Ndevu upande mmoja zilikuwa zimeshabanduka. Nikasema maneno yangu, nikanyoosha mkono kuelekea upande ambao nilidhani ndiko walikokaa watu, nao ulikuwa ukuta. "Watafuteni."

Askari wakateremka. Nilisikia vurumai za kawaida, vitenge vinapigwa, bibi wanafukuza, watoto wanalia. Lakini hata gizani mwa kopo lile nilisikia kitu kimepungua. Oska na wenzake walipofika benchi la mbele walilipita, wakaendelea kwenye la pili. Waliona haya. Na kweli, ningekuwa Oska nami ningelipita.

Mimi sikuona. Zamu ya Herode kukagua benchi la mwisho ikafika, nikateremka ngazi kwa kupapasa, nikagonga meza, watu wakacheka tena, nikafuata njia ya katikati huku nimenyoosha mikono kama kipofu wa Yeriko. Nikagusa benchi, nikadhani ndilo la mwisho. Nikalinyanyua taji kwa mkono mmoja ili nione ninamkamata nani, na uso uliokuwa mbele yangu ulikuwa wa mama.

Alikuwa akiniangalia kwa muda mrefu, nadhani. Mapaja yake yalikuwa matupu. Mkono wa kulia Mama Oska amemfunika mtoto wake, mkono wa kushoto mwingine amemfunika wake, na mwingine, na mwingine. Sikujua nifanye nini. Kwenye mazoezi tulifundishwa kukosa mtoto, hatukufundishwa hili.

Mama akasimama. Alikuwa hajala siku kadhaa na alisimama imara kama nguzo.

"Wangu ulishamchukua," akaniambia. Hakuniita Simoni. "Hawa hupati hata mmoja."

Akakikunjua kile kitenge, akakinyoosha kwa mikono miwili mbele ya benchi zima, baina yangu na watoto wa wenzake.

Mama Oska akasimama na wake. Akasimama wa pili yake. Benchi la nyuma wakasimama, na la nyuma yake, mpaka upande wote wa wanawake ukawa ukuta wa vitenge, vya maua, vya ndege, vya mistari, na nyuma ya ukuta ule watoto wanalia na hakuna anayewanyamazisha. Askari wangu waliangusha panga. Mwalimu Tabita alininong'oneza nirudi, Herode, rudi, lakini mimi sikurudi. Nikafa pale pale njiani, kabla ya wakati, bila funza, bila kujikuna. Taji likatoka kichwani likabingirika kwa kelele zake zote mpaka miguuni kwa mchungaji wetu wa kanisa.

Sijawahi kusikia kanisa likicheka na kulia kwa wakati mmoja namna ile. Mama aliinama akaniokota kutoka sakafuni, uji wa ndevu umenichafua uso mzima, akanifuta kwa pembe ya kitenge kile kile. Alikuwa analia, machozi ya kawaida ya mtu, na katikati ya machozi akasema ndevu zako zinanuka mbuzi, mfalme.

Nyumbani shangazi alimletea wali, ule wali ambao enzi zetu tulikuwa tunauona Krismasi na Pasaka tu. Akaula. Akauliza kama kuna kipande cha kuku. Baba alitoka nje akaenda kusimama kwenye shamba la kahawa, amegeuza mgongo, na sisi tukajifanya hatumwoni.

Miaka mingi baada ya hapo desturi ile ilibaki. Herode akiteremka, akina mama wa Isansa walikuwa wanasimama na vitenge vyao, na yule aliyefiwa mwaka huo ndiye aliyesimama kwanza.

Mama yangu yupo, Mungu ni mwema. Krismasi iliyopita nilimtuma dereva akamlete hapa Tunduma, gari lenye kiyoyozi, akalalamika baridi njia nzima. Nikampeleka kanisani kwetu, kanisa kubwa la mjini, na sitaficha kwamba spika zile kubwa mbili ni mchango wangu. Watoto walikuwa na mabawa ya kununuliwa dukani, taa za rangi zinazunguka, moshi unatoka kwenye mashine kama mbinguni kwenyewe. Vijana wote wamenyanyua simu wanarekodi, hakuna hata mmoja anayetazama. Malaika wakaimba, wakacheza, wakainama, ikaisha.

Mama akamgeukia mwalimu wa watoto, binti mmoja mchangamfu sana, akamuuliza Herode amechelewa wapi. Binti akacheka kwa adabu. "Shikamoo bibi. Herode siku hizi hatumuweki. Wazazi walisema anaogopesha watoto."

Mama akaitikia marahaba. Kisha akaangaza macho kwenye benchi tuliloketi. Palikuwa na nafasi pembeni ya mke wangu, mahali anapokaa kila Jumapili jirani yetu mmoja, mama kijana muuza nyanya pale sokoni. Mwezi wa kumi na moja mwanawe aligongwa na pikipiki wakati anavuka barabara kuu. Mama aliuliza huyu wa hapa yuko wapi. Mke wangu akamweleza kwamba amebaki nyumbani, amesema hataki kuharibu furaha ya watu.

"Niliwaambia," mama akasema. Hakumwambia mtu yeyote, alisema tu. Kisha akaniomba mkono anyanyuke.

Nyumbani kwangu pilau ilikuwa mezani, wageni wamejaa, wakubwa wa mji wamo, na wanangu wananipigia simu baba uko wapi chakula kinapoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya chumba cha kupanga cha yule muuza nyanya, suti yangu na yote. Ndani mama yangu alikuwa amekaa naye sakafuni, sahani ya chakula katikati yao. Baada ya muda mrefu nilisikia kijiko kinagonga sahani.

Enzi zetu Krismasi ilikuwa na tope, siafu na wali wa kugombania, na hakuna aliyebaki nyumbani kwa kuogopa kuharibu furaha yetu. Siku hizi tumepata taa, spika na moshi wa mashine, na nafasi kwenye mabenchi zinazidi kuongezeka.